Sanamu Ndogo za Michezo ya Mezani: Fedha Ziko kwenye Umbo la Kwanza

Sanamu za michezo ya mezani ni vinyago vya askari, wachawi, mazimwi na wanyama wa kubuni ambavyo wachezaji huvisogeza juu ya meza wanapoigiza vita na safari za hadithi. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 28 kutoka wayo hadi macho, kwa hiyo askari mzima hazidi nusu ya kidole gumba. Biashara yake ilipanuka Marekani na Uingereza baada ya 1974, mwaka ambao Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Leo kampuni kubwa kuliko zote ni Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na yenye makao Nottingham. Desemba 2024 iliingia katika orodha ya makampuni 100 makubwa ya Soko la Hisa la London, na katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2025 mapato yake yalipita pauni milioni 600. Plastiki yenyewe ni rahisi. Mnunuzi hulipia umbo ambalo hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitoa.

Kando ya viwanda wapo mafundi wa mkono wanaogeuza sanamu zilizokwisha kutengenezwa. Mteja anataka askari wake ashike mkuki badala ya upanga, au apande mnyama ambaye kiwanda hakikumtoa. Fundi hukata mkono kwa kisu chembamba, hutoboa pande zote mbili kwa drili ya kuzungushwa kwa vidole, hupitisha kipande cha waya katikati, kisha hugandisha kwa gundi kali. Bila waya huo kiungo hukatika mara sanamu inapoanguka. Pengo hujazwa kwa udongo wa epoksi wa sehemu mbili, buluu na njano, ambao ukikandwa hugeuka kijani. Fundi hupata kama saa moja na nusu ya kuufinyanga kabla haujaanza kuwa mgumu, huku akilowesha kifaa chake maji ili usinate. Mikunjo ya nguo hufanywa kwanza. Ikishaganda ndipo mkanda na vifungo huongezwa juu yake. Anayetaka kumaliza yote kwa mara moja huharibu kwa kidole kile alichokwisha kukitengeneza vizuri. Vichwa na viganja hufanywa vikubwa kuliko uwiano wa mwili, maana sanamu hutazamwa ikiwa mezani, si mkononi.

Sanamu mpya kabisa hufinyangwa juu ya kiunzi cha waya, halafu hutengenezewa kalibu ya silikoni na kumiminiwa resini. Siku hizi maumbo mengi ya kwanza huchongwa kwenye kompyuta, kwa programu kama ZBrush, au Blender ambayo haina malipo, na kutolewa na printa ya resini yenye matabaka ya sehemu za mia za milimita. Mabadiliko haya yamegeuza hesabu ya biashara. Mchongaji huuza faili, mnunuzi hujichapia nyumbani, na hakuna kifurushi kinachosafirishwa.

Ugomvi mkubwa wa biashara hii umekuwa juu ya umiliki. Mwaka 2010 Games Workshop iliishtaki Chapterhouse Studios, kampuni ndogo ya Marekani iliyouza viungo vya kugeuzia sanamu zake. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama mjini Chicago liligawa ushindi: baadhi ya madai yalikubaliwa, mengine yakakataliwa, na fidia ikawa dola 25,000, kiasi kidogo mno mbele ya gharama za mawakili wa kesi kama hiyo.

Nchini Kenya kazi iliyo karibu zaidi na hii hufanyika Tabaka, Kaunti ya Kisii, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Huko seti za sataranji zimechongwa kwa miaka mingi, kila moja ikiwa na vipande 32, na mara nyingi ngome hugeuzwa nyumba ya msonge na farasi akawa twiga au kifaru. Kwa desturi wanaume huchimba na kuchonga, wanawake huosha na kusugua kwa msasa ndani ya beseni la maji hadi jiwe ling'ae. Eneo hilo limemtoa Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani imesimama kwenye makao ya UNESCO, Paris. Ufundi, basi, upo. Lakini jiwe ni zito kusafirisha na huvunjika upesi, na umbo likipendwa sokoni, wachongaji jirani huliiga. Mwenye wazo la kwanza hapati chochote cha ziada. Huo ni uonevu unaoweza kurekebishwa.

Amalemba, mtaa wa mji wa Kakamega unaopangisha wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, una mazingira ya kuijaribu kazi hii kwa njia tofauti. Vijana wenye kompyuta na intaneti hawakosekani, na wafinyanzi wa Ilesi, walio kando ya barabara ya Kisumu, wanaujua udongo kwa mikono yao. Printa ndogo ya resini huuzwa ng'ambo kwa chini ya dola 300, kabla ya usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 16. Gharama hiyo si kizuizi kikubwa kwa vijana watatu wanaochangiana. Afya ndiyo inayohitaji tahadhari: resini mbichi hudhuru ngozi na mvuke wake si wa kuvutwa ndani ya chumba cha kulala cha kupanga. Glavu, dirisha wazi na mahali pa kutupa mabaki nje ya sinki ni sehemu ya mtaji.

Upande wa malipo njia imefunguka kiasi. Tangu 2018 fedha za PayPal zinaweza kuhamishiwa M-Pesa. Kinachouma ni uchangishaji. Reaper Miniatures ya Texas ilikusanya zaidi ya dola milioni 3.4 kupitia Kickstarter mwaka 2012, ilhali jukwaa hilo haliwapokei wabunifu walio Kenya wanaotaka kuanzisha miradi. Kwao hubaki kuuza faili mojamoja au kufanya kazi za kuagizwa.

Kazi za kuagizwa ndizo zenye mtego. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda sanamu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, ila umbo likiagizwa na mteja, hakimiliki huhesabika kuwa ya mteja isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Mchongaji anayeanza aandike makubaliano hayo kabla ya kushika waya au kipanya, na kazi zake mwenyewe azisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.