Chujio la Hewa katika Injini ya Gari

Tinde, katika Mkoa wa Shinyanga, ni mahali pa njia panda. Barabara itokayo mjini Shinyanga hukutana hapo na ile itokayo Nzega kwenda Isaka na Kahama. Usiku na mchana malori hupita yakipeleka mizigo Rwanda na Burundi. Malori hayo hupita juu ya lami. Lakini magari ya vijijini, yale yanayobeba pamba na mahindi, na pengine mgonjwa usiku wa manane, hupita katika njia za udongo. Wakati wa kiangazi kila gari huacha nyuma yake wingu la vumbi, na gari linalofuata huingia katika wingu hilo na kuvuta hewa yake.

Halina budi kuivuta. Mmekwisha kujifunza kwamba kitu hakiwezi kuungua pasipo oksijeni, na kwamba katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 21 hivi tu ndizo oksijeni. Petroli nayo huungua ndani ya injini. Ili lita 1 ya petroli iungue yote, injini huvuta zaidi ya lita 9,000 za hewa. Fikiri juu ya madebe 450, kila debe la lita 20. Hewa ya kuyajaza madebe hayo yote huingia katika injini kwa ajili ya lita moja tu ya petroli.

Vumbi lililomo katika hewa hiyo lina hatari gani? Ndani ya injini mna silinda, ambazo ni kama mikebe ya chuma. Katika kila silinda, pistoni hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika. Nafasi iliyo kati ya pistoni na silinda ni ndogo mno, nayo ina utando mwembamba wa mafuta. Punje za mchanga, hata zile zisizoonekana kwa macho, ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikichanganyika na mafuta hayo hufanya kazi kama msasa. Husugua silinda kidogo kidogo mpaka nafasi ile hupanuka. Hapo nguvu ya injini hupotea, mafuta ya kulainishia hupenya na kuungua, na gari hutoa moshi wa rangi ya buluu. Injini iliyofikia hali hiyo hufumuliwa yote, na gharama yake hupita bei ya machujio mengi.

Kwa sababu hiyo hewa hupitishwa kwanza katika chujio. Mafundi wengi huliita filta ya hewa. Land Rover za zamani zilikuwa na chujio lenye bakuli la mafuta: hewa ilipita juu ya mafuta, na vumbi likanasa humo kama linavyonasa katika kamasi za pua yako. Magari mengi ya siku hizi hutumia karatasi maalumu yenye matundu madogo sana, iliyokunjwa mikunjo mingi. Kwa nini ikunjwe? Chukua ukurasa wa gazeti uukunje huku na huku, kila mkunjo uwe na upana wa kidole kimoja. Ukurasa uliofunika dawati sasa unaingia katika kisanduku kidogo, na eneo lake halikupungua. Eneo kubwa lina matundu mengi. Hewa huendelea kupita hata baadhi ya matundu yakiziba.

Yakiziba mengi, injini hukosa pumzi. Katika magari ya zamani yenye kabureta, petroli huzidi hewa, haiungui yote, na moshi mweusi hutoka. Magari mapya yana kompyuta inayopunguza petroli kulingana na hewa iliyoingia. Mwaka 2009 wachunguzi wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walijaribu magari ya namna hiyo. Waliona kwamba chujio lililoziba halikuyafanya yale petroli nyingi zaidi, bali yalichelewa kuongeza mwendo. Dereva wetu huliona jambo hilo apandapo kilima akiwa na mzigo.

Kubadilisha chujio ni kazi inayoweza kufanyika nyumbani, nawe unaweza kumsaidia mtu mzima aifanyapo. Injini izimwe, ufunguo uondolewe, na injini iachwe ipoe. Boneti ikiisha kufunguliwa, tafuteni sanduku ambalo bomba kubwa la hewa hutoka humo kwenda kwenye injini. Katika magari ya zamani chombo hicho ni cha bati na cha mviringo, nacho hukaa juu ya kabureta. Kabla ya kukifungua, kifuteni nje kwa kitambaa chenye unyevu, maana vumbi la juu ya kifuniko ndilo huanguka ndani kwanza. Fungueni vibanio au nati, mwinue chujio polepole, kisha mzibe mdomo wa bomba kwa kitambaa safi. Futeni ndani ya sanduku. Chujio jipya liwe la kipimo kile kile, na mpira wake wa pembeni ukae sawasawa pande zote. Upenyo mwembamba kama uzi unatosha kupitisha vumbi. Msisahau kuondoa kile kitambaa kabla ya kufunga!

Madereva wengine huligongesha chujio kwenye tairi kila jioni na kuona kwamba wanalitunza. Sivyo. Karatasi huchanika, na mpira hupinda. Tena vumbi kidogo lililonasa hupunguza upana wa matundu, hata chujio lililotumika kidogo hukamata punje ndogo kuliko chujio jipya kabisa. Lifunguliwe kwa wakati uliotajwa katika kitabu cha gari, na mapema zaidi katika njia za vumbi, lakini si kila siku.

Mfanyapo kazi hiyo, msipulize vumbi kwa mdomo. Katika Mkoa jirani wa Geita, wachimbaji wadogo wa dhahabu huponda na kusaga mawe yenye silika, ambayo ndiyo iliyomo katika mchanga. Punje zilizo ndogo kabisa hupita vinyweleo na kamasi za pua, hata kitambaa kilichofungwa usoni, zikafika mapafuni na kuyajeruhi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Mawe yakilowanishwa kwa maji kabla ya kupondwa, vumbi hupungua sana.

Kazi ya kufanya

Pakeni mafuta ya kupikia juu ya visahani viwili vyeupe. Wekeni kimoja ndani ya darasa na kingine uani, upande ulio karibu na njia, lakini msiende njiani. Baada ya saa mbili vilinganisheni.

Maswali

1. Ni kisahani kipi kilichonasa vumbi zaidi? Mafuta yalifanya kazi gani?
2. Kwa nini sanduku la chujio hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu na si kikavu?
3. Gari limetumia lita 5 za petroli kutoka kijijini hadi Tinde. Limevuta angalau lita ngapi za hewa?