Kwa Nini Motokaa Hunguruma Sana Asubuhi?

Mtu akaaye Limuru au Nyahururu aijua vema sauti ya motokaa ya jirani iwashwapo alfajiri mwezi wa Julai. Hunguruma kwa nguvu dakika moja au mbili, kisha hutulia yenyewe. Wengi hudhani kwamba injini imeharibika, na wengine humlaumu fundi bure. Lakini sehemu kubwa ya ngurumo hiyo si ugonjwa. Gari limeundwa lifanye hivyo.

Petroli haiwaki mpaka igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa. Katika injini baridi, sehemu yake hubaki maji na kushikamana na kuta za silinda. Basi injini hupewa petroli nyingi kuliko desturi, na kuzungushwa upesi isije ikazimika. Zamani dereva mwenyewe alivuta choki. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo iliyomo garini. Injini izungukayo mara 700 au 800 kwa dakika ikiisha kupata moto, yaweza kuzunguka mara 1,200 au zaidi ikiwa baridi.

Tena magari mengi ya siku hizi yana chombo cha kusafishia moshi katika bomba lake. Chombo hicho hakifanyi kazi vema mpaka kipate joto la kiasi cha digrii 250 au 300. Kwa sababu hiyo kompyuta huichelewesha cheche kidogo, ili moshi utoke ungali mkali ukakipashe. Ndiyo maana bomba hutoa sauti nzito.

Pistoni nazo hugongagonga kidogo. Hizo ni za aluminiamu, ambayo hutanuka kwa joto karibu mara mbili kuliko chuma cha silinda; zikiwa baridi huwa na nafasi ya kuchezacheza. Injini ikipata moto, nafasi hupungua na kelele hukoma. Isipokoma, au taa ya oili isipozimika, zima injini umwite fundi.

Usikanyage mafuta kwa nguvu ati kuipasha moto, kwa maana oili iliyo baridi ni nzito. Ngoja kama nusu dakika, kisha uendeshe polepole.

Lakini liko jambo kubwa kuliko kelele. Katika dakika hizo petroli ni nyingi na kisafishio hakijaamka, hivyo moshi huwa na sumu nyingi zaidi. Ndani yake imo hewa ya kaboni monoksaidi, ile ile itokayo katika jiko la makaa, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Usiwashe gari na kuliacha likinguruma ndani ya banda, hata kama mlango u wazi. Liwashe, ulitoe nje mara moja, nalo lisisimame chini ya dirisha la chumba walalamo watoto. Mtu akishikwa na maumivu ya kichwa au kizunguzungu karibu na moshi huo, atolewe penye hewa safi upesi, apelekwe hospitali.