Kupima Magonjwa ya Zinaa kwa Siri: Pesa Yako Iende Wapi

Unaweza kutoka maabara na karatasi yenye majibu manne, yote sahihi, na bado ugonjwa uliokupeleka haujaguswa. Hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya kaswende, kisonono, klamidia na trikomona kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Yote manne yanapona kwa dawa. Ukiongeza VVU na homa ya ini B, utaona kwa nini hakuna kipimo kimoja kinachomaliza kazi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, njia kuu ni nne.

Zahanati na kituo cha afya cha serikali

Hapa VVU hupimwa bure. Ni tone la damu ya kidole, na majibu hutoka ukiwa bado umekaa. Mjamzito hupimwa na kaswende pia anapohudhuria kliniki. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inataka ridhaa yako kabla ya kupimwa na inamfunga mhudumu kutunza siri ya majibu. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kujiamulia kupima kutoka miaka 18 hadi 15.

Upungufu uko kwenye kisonono na klamidia. Katika vituo vingi magonjwa haya hutibiwa kwa dalili: unaeleza unachohisi, unachunguzwa, unapewa dawa zinazofunika vyanzo vinavyodhaniwa. Ni nafuu, na huondoki mikono mitupu. Lakini asiye na dalili hana la kueleza, na wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote. Kuhusu siri, hofu ya wengi ni benchi la kusubiria, maana jirani anaweza kuwa amekaa hapo hapo. Dawa yake ni nauli ya daladala hadi kituo cha kata nyingine.

Kliniki za mashirika

UMATI, iliyoanzishwa mwaka 1959, na Marie Stopes ni majina yanayojulikana kwa huduma za uzazi. Faida yao kwa mtu anayeogopa kuonekana ni kwamba anayeingia mlangoni huenda amefuata uzazi wa mpango, ushauri au kipimo cha mimba, na wa pembeni hawezi kujua. Wahudumu wamezoea maswali ya aina hii. Piga simu kwanza uulize gharama ya kumwona mtaalamu na vipimo vilivyopo siku hiyo, kwa kuwa matawi hayafanani.

Maabara na hospitali binafsi

Bei hapa hupishana sana. Vipimo vya haraka vya kaswende na homa ya ini B ndivyo vya bei ya chini. Vipimo vya vinasaba vya klamidia na kisonono ndivyo ghali, na seti yake yaweza kuvuka laki moja ukijumlisha na ada ya daktari. Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi za umma huitumia kwa kifua kikuu, ina katriji ya magonjwa haya mawili inayotoa jibu kwa takriban dakika 90. Kuwapo kwa mashine hakumaanishi katriji hiyo ipo, kwa hiyo uliza.

Kuwa macho na mambo matatu. Kwanza, kipimo cha mkojo cha kawaida, kile cha UTI, hakioni klamidia. Wako wanaotibiwa "UTI sugu" kwa miezi bila ugonjwa wenyewe kutafutwa. Pili, kipimo cha klamidia cha damu hakikuambii kama unaumwa sasa, kwa sababu kingamwili hubaki baada ya ugonjwa kupita. Kinachofaa ni mkojo wa mwanzo kwa mwanamume, uliokaa walau saa moja kibofuni, au pamba ya ukeni kwa mwanamke, ambayo anaweza kujichukulia mwenyewe. Tatu, kipimo cha haraka cha kaswende huweza kuonyesha chanya hata kwa aliyepona zamani. Kabla ya kuchomwa sindano ya tiba, omba RPR au VDRL, vipimo vya damu vinavyosaidia kuona kama ugonjwa bado upo.

Kujipima

Marekebisho ya 2019 yaliruhusu pia kujipima VVU. Kwa kifaa cha mate unapangusa fizi, unasubiri dakika 20, na unasoma kabla ya 40. Hakuna foleni wala rejesta. Lakini kinaona VVU tu, na jibu chanya lazima lithibitishwe kituoni. Anayetumia ARV asikitumie, kwani kinaweza kumdanganya.

Siri huvujia wapi

Bei kubwa hununua kiti kizuri na haraka. Usiri haumo kwenye bei. Risiti ya hospitali binafsi huorodhesha vipimo kimoja kimoja. Majibu hutumwa kwa simu ambayo huenda inashikwa na watu wawili nyumbani. Malipo ya simu huacha jina la hospitali kwenye ujumbe. Ukitumia bima, fomu ya madai hubeba ugonjwa uliotibiwa. Ukitaka alama chache, lipa taslimu na uombe kuchukua majibu mwenyewe.

Muda nao una bei

Ukipima mapema mno utalipa mara mbili. Kisonono na klamidia subiri wiki mbili. VVU kwa kipimo cha haraka, na kaswende, rudia baada ya miezi mitatu hata kama jibu la kwanza lilikuwa hasi. Tukio likiwa la jana, usisubiri lolote: dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28.

Chaguo letu

VVU pima bure serikalini, au jipime ukiogopa benchi. Mwenye dalili aanzie hapo hapo serikalini. Mjamzito asitoke kliniki bila kipimo cha kaswende, maana ugonjwa huo humfikia mtoto tumboni. Asiye na dalili lakini ana wasiwasi aelekeze akiba yake kwenye kipimo cha vinasaba cha klamidia na kisonono, kwa kuwa ndicho kitu ambacho vituo vingi vya bure havitampa.

Na bajeti iwe ya watu wawili. Ukitibiwa peke yako, mwenza wako atakurudishia ugonjwa uleule, nawe utarudi dirishani kulipa upya.