Kinanda cha Mianzi Chasafiri Ulaya na Kurudi Kwao

Kusini ya jiji la Manila, katika nchi ya Ufilipino, lipo kanisa la mawe la Mtakatifu Yosefu katika mji wa Las Piñas. Ndani yake kimo kinanda kiliacho kwa nguvu ya upepo, na ajabu yake ni kwamba filimbi zake nyingi ni za mianzi. Jumla yake ni filimbi 1,031. Katika hizo 902 ni za mianzi, na 129 ni za madini. Kikilinganishwa na vinanda vya makanisa makubwa ya Ulaya, hiki ni kidogo, kwa maana kina safu moja tu ya vipande vya kubonyezwa kwa vidole.

Aliyekiunda ni Padre Diego Cera, Mhispania, aliyekabidhiwa parokia hiyo mwaka 1795. Siku hizo Las Piñas kilikuwa kijiji cha wakulima, wavuvi na watu wa chumvi. Madini yalikuwa ghali, lakini mianzi ilikuwa tele, na yaelekea hiyo ndiyo sababu iliyomfanya Padre ageukie mmea ule.

Kila mtu aliyewahi kujenga kwa mianzi ajua kwamba adui wake ni vidudu vipekechavyo, ambavyo huanza kazi mapema na kuacha unga mtupu. Basi mwaka 1816 Padre Cera alikata mianzi yake, akaifukia katika mchanga wa pwani, akaiacha humo miezi mingi. Ilipofukuliwa, ile iliyoharibika ilitupwa, na iliyotoka nzima ndiyo aliyoitumia. Hapo tena ndipo ilipoanza kazi ya subira: kutoboa mafundo ya ndani, kupima urefu, na kukata mdomo wa kila filimbi, maana filimbi ndefu hutoa sauti nzito, na fupi hutoa sauti nyembamba, na ikikosewa kidogo tu wimbo wote huharibika. Kufikia mwaka 1821 kinanda kiliweza kupigwa, ila hakikutimia hata mwaka 1824, Padre alipotia tarumbeta za madini, kwa kuwa mianzi haikuweza kutoa sauti ile kali aliyoitaka. Akaongeza na filimbi ndogo zinazolia kama ndege!

Taabu zilikuja baadaye. Mwaka 1880 tetemeko la ardhi liliharibu kanisa, na mwaka 1882 tufani iliezua paa, kinanda kikabaki wazi kwa mvua na jua. Filimbi nyingi zilitolewa zikawekwa katika chumba cha sakristia, zikakaa humo miaka mingi. Watu walijaribu kukitengeneza mara kadhaa, lakini kilichosikika kilikuwa sehemu tu ya sauti yake ya kwanza.

Ndipo ilipokatwa shauri kubwa. Mwaka 1973 kinanda kilifunguliwa kipande kwa kipande, kikapelekwa Bonn, Ujerumani, kwa mafundi wa karakana ya Johannes Klais. Si jambo jepesi kuifungia safari ya mbali namna ile mali ya kanisa isiyo na pacha. Hatari nyingine ilikuwa hewa yenyewe. Mianzi iliyozoea joto na unyevu wa visiwa vile, ikitiwa ghafula katika nyumba ya Ulaya wakati wa baridi, ambapo moto wa kupashia vyumba hukausha hewa, yaweza kupasuka. Kwa hiyo mafundi walitenga chumba maalum chenye joto na unyevu kama wa Las Piñas, na kazi ikafanyika humo. Uangalifu huo ulistahili sifa, kwa sababu fundi asiyejua chombo kilikotoka angeweza kukiua huku akidhani anakiponya.

Wakati huo huo, huko nyumbani, kanisa nalo lilikuwa likitengenezwa. Mwaka 1975 kinanda kilirudi, wenyeji wakakipokea kwa maandamano na shangwe, na mwaka ule ule kikapigwa tena mbele ya watu. Tangu mwaka 1976 hufanyika sikukuu ya muziki kila mwaka, na wapigaji hodari wa nchi mbalimbali huja kukipiga. Mwaka 2003 Makumbusho ya Taifa yalikitangaza kuwa hazina ya utamaduni wa taifa.

Lakini chombo cha mianzi hakiachi kudai matunzo, na baada ya miaka kama thelathini kilihitaji tena mkono wa fundi. Safari hii hakikuondoka nchini. Wafilipino wenyewe walikuwa wamekwisha kuanzisha karakana ya vinanda mwaka 1994, wakaipa jina la Diego Cera, na mafundi wake ndio waliokifungua, wakazisafisha filimbi zake na kukirudisha mahali pake mwaka 2004.