Bata Bukini wa Mwitu: Mjue Kabla ya Kumfukuza

Mkulima, ikiwa shamba lako la ngano au mpunga li karibu na ziwa, mto au bwawa, bila shaka wamfahamu bata bukini wa mwitu. Ndiye yule ndege mkubwa wa rangi ya hudhurungi, mwenye duara jeusi-jekundu kuzunguka jicho, na mabawa yanayoonyesha weupe mwingi anaporuka. Jina lake kamili ni bata bukini wa Misri, na Wamisri wa kale walimchora katika picha zao. Huku kwetu yuko Naivasha, Ol Bolossat, Mwea, na katika mabwawa mengi ya wakulima.

Taabu yake pia waifahamu. Umepanda, mvua imenyesha vizuri, miche imetoka. Asubuhi moja wakuta bata 20 wanakula majani kama kondoo. Wakimbia ukipiga debe. Wanaruka, wanazunguka, kisha wanatua upande wa pili. Ukienda huko, wanarudi walikotoka. Mwishowe wewe umechoka na bata wameshiba.

Usikate tamaa. Hata wawindaji hasa hushindwa na ndege wa jamii hii, na yale waliyojifunza kwa kushindwa yaweza kukusaidia wewe.

Wawindaji hujifunza nini?

Katika Marekani na Kanada watu wengi huwinda bata bukini kila mwaka, kwa leseni na kwa majira yaliyowekwa na sheria. Mwindaji mgeni hurudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi. Huinua uso kutazama juu, na bata wakauona mapema. Hupiga risasi bata wangali mbali, naye apate kelele tu. Hukaa mahali ambapo bata walikula jana, kumbe leo wamehamia shamba jingine.

Akiwa na subira, huanza kujifunza. Kwanza huacha bunduki, akawachunguza bata: hulala wapi, hutoka saa ngapi, hupita njia gani. Hujua kwamba bata hutua wakielekea upepo, na kwamba hupenda uwanja mpana wenye majani mafupi, ili wamwone adui akiwa mbali. Tena huweka sanamu za bata shambani, kwa maana bata walio angani wakiona wenzao chini wanakula kwa raha, huamini kwamba mahali hapo ni salama.

Wewe geuza mafunzo hayo

Mwindaji anataka bata waje; wewe wataka waondoke. Basi fanya kinyume chake.

Fukuza wale wawili wa kwanza. Bata wawili wakiachwa kula kwa amani ni kama sanamu za mwindaji: huwaita wengine. Ni rahisi kuondoa wawili leo kuliko 50 wiki ijayo. Anza kulinda siku miche inapochomoza, usingoje uone hasara.

Uwe shambani mapema. Mara nyingi bata hulala karibu na maji, kisha huja kula alfajiri na tena jioni. Mlinzi anayefika saa tatu asubuhi hukuta kazi imekwisha.

Haribu uwanja wao wa kutua. Chunguza wanakoshukia, kisha pigilia vijiti na ufunge kamba zenye vipande vya karatasi ya kung'aa, zikikata njia hiyo. Kando ya maji acha nyasi ndefu, kwa sababu bata huogopa mahali ambapo adui aweza kujificha.

Badili vitisho vyako. Sanamu ya mtu iliyosimama mahali pamoja huogopwa siku chache tu. Baadaye ndege hula hata miguuni pake. Ihamishe, ivalishe nguo nyingine, na siku moja mtu halisi asimame mahali pake na kuwakimbilia kwa ghafula. Leo debe, kesho mbwa aliyefunzwa, kesho kutwa bendera. Kitisho ambacho hakifuatwi na hatari yoyote, bata hukijua upesi kuwa ni uongo.

Zuia wanaotembea. Bata jike huatamia mayai kwa siku 28 hadi 30, na vifaranga hukaa zaidi ya miezi miwili kabla ya kuruka. Hata bata wakubwa hupukutisha manyoya ya mabawa yote kwa pamoja, wasiweze kuruka kwa wiki kadhaa. Wakati huo hutoka majini kwa miguu, na ua mfupi wa wavu waweza kuwazuia.

Pima hasara yako

Si kila jani linaloliwa ni hasara. Ngano ikiwa changa, kichipukizi chake kingali chini ya udongo, nayo yaweza kuota tena. Lakini ikiliwa mara kwa mara, ikikanyagwa kwenye tope, au ikiliwa baada ya shina kurefuka, mavuno hupungua. Ili kujua kweli, zungushia wavu kipande cha mita moja kwa mita moja, bata wasiingie. Wakati wa kuvuna, pima nafaka ya hapo na ya kipande kama hicho cha nje. Kipimo hicho kitakuambia kama kazi ya kulinda imezidi faida yake.

Usivunje sheria, usitie sumu

Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kuwinda kwa kujifurahisha. Usichukue bunduki wala kutega mtego. Bata wakikuzidi, toa habari katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori (KWS) iliyo karibu nawe.

Na sumu usiifikirie kabisa. Karibu na mwaka 2010 ilijulikana kwamba katika mashamba ya mpunga ya Bunyala ndege walikuwa wakiuawa kwa dawa ya kuulia wadudu, kisha nyama yao ikiuzwa kuliwa na watu. Sumu haichagui. Huua korongo asiye na kosa, mbwa wako, na yaweza kumfikia mtoto wako.

Basi, ndugu mkulima, kabla ya kupiga debe tena, kaa kimya asubuhi tatu ukiwatazama bata. Andika saa wanayofika, upande wanaotokea, na mahali wanapotua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bata bukini hashindwi na mwenye mbio, bali na mwenye kumjua.