Daftari Lisilosomeka Lafaa Nini?

Waliosema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari walisema kweli. Lakini je, daftari likiwapo, na wenye kulisoma wakawa wanakwisha?

Katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamehifadhiwa maandiko ya kale ya watu wa mwambao, tenzi nyingi zikiwamo, yaliyoandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Mengi yalikusanywa katika miaka ya 1960, J.W.T. Allen alipozunguka pwani akiwaomba wazee, mabibi na mabwana, wafungue masanduku yao. Mwaka 1970 orodha ya hazina hiyo ilichapwa kitabu.

Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, orodha si elimu. Katika maandiko hayo alama moja huweza kusomwa i au e, na herufi moja ikawa b au p. Basi asiyeijua lugha ya kale hawezi kuyasoma sawasawa, hata akizijua herufi zote. Maarifa hayo yamo vifuani mwa wazee, nao wanatutoka.

Ushauri wetu ni huu: vyuo vyetu viwaketishe vijana mbele ya wazee hao, wafunzwe kusoma kabla ya kufunzwa nadharia. Na kila utenzi usomwao uchapwe, nakala irudishwe kwa jamaa za waliouhifadhi. Utafiti usiorudi kwa wenyewe ni dau lililovua likasahau pwani.