Umeme Unapotoka Nje ya Nyumba: Tahadhari kwa Wakazi wa Vurra



Kwa miaka mingi umeme wa West Nile ulikuwa mgeni wa saa chache. Tulitegemea jenereta, kisha kuanzia mwaka 2012 kituo cha Nyagak wilayani Zombo, chenye uwezo wa megawati 3.5 tu. Mwaka 2024 eneo letu liliunganishwa na gridi ya taifa. Neema hiyo imeleta shughuli mpya uani: taa za ulinzi, pampu za maji, vibanda vya kuchaji simu, mashine za kuchomelea vyuma. Tabia za zamani, hata hivyo, hazijatuacha. Bado tunakuta waya mwembamba wa ndani ya nyumba umepitishwa dirishani, umefungwa kwenye mwembe na kushushwa hadi kibandani, na maungio yake yamezungushiwa mfuko wa plastiki. Zamani waya huo ulikuwa mfu kwa sehemu kubwa ya siku, na wengi wetu tulizoea kuushika bila hofu. Leo mazoea hayo yanaua.

Huenda mtauliza polisi wanahusika vipi na nyaya. Kikosi cha zimamoto na uokoaji ni sehemu ya Polisi ya Uganda. Nyumba inapoungua, sisi ndio tunaoitwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba fyuzi humlinda mtu. Fyuzi hulinda waya usiungue. Fyuzi ya plagi ya kawaida ni ya ampia 13, yaani miliampia 13,000, ilhali miliampia 30 hivi zikipita kifuani zinaweza kuuvuruga moyo. Basi mtu aliyesimama pekupeku kwenye udongo uliolowa anaweza kufa huku fyuzi ikiwa nzima kabisa. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kile kinachopima umeme unaotoka na unaorudi, kikakata mara tu kinapoona sehemu yake imevujia ardhini. Kwa umeme wa nje, mwambieni fundi afunge cha miliampia 30, ndani ya nyumba, mahali laini ya nje inapoanzia. Kina kitufe cha majaribio: kibonyezeni kila mwezi, na kisipokata, laini hiyo isitumike. Kifaa hicho hakiondoi haja ya waya wa ardhi ulio imara, na wala hakizuii radi.

Waya wa kwenda kibandani au kisimani ni bora uzikwe, mradi uzikwe kwa haki. Itumike kebo iliyotengenezwa kwa kuzikwa, yenye kinga ya chuma, au ipitishwe ndani ya paipu madhubuti. Mahali panapolimwa kina kisipungue sentimita 60, na juu yake ulazwe utepe wa onyo kabla ya kufukia. Jembe la mihogo halina macho. Aliyezika achore ramani ndogo na kuihifadhi, kwa maana atakayelima hapo miaka kumi ijayo huenda asiwe yeye. Waya wa kawaida uliofukiwa kwa kina cha kiganja, hata kama unawasha taa vizuri, tunauhesabu kuwa mtego.

Soketi ya nje iwe na kifuniko, na iwe imeandikwa IP. Tarakimu ya pili inahusu maji: IP44 huvumilia marasharasha, IP65 huvumilia maji yanayorushwa kwa mpira. Kinga hiyo hupatikana kifuniko kikiwa kimefungwa tu. Tumeona soketi nzuri zikiachwa wazi msimu mzima wa mvua, na hapo fedha ya mwenye nyumba imepotea bure.

Jambo moja ni la kwetu mpakani. Vifaa vingi vinavyopita hapa vina plagi ya miguu miwili, ilhali soketi zetu ni za mitatu. Mguu wa tatu ni waya wa ardhi. Pampu au mashine yenye mwili wa chuma ikichomekwa kwa adapta isiyo na mguu huo, mwili wake unaweza kuwa na umeme bila dalili yoyote. Kazi hii apewe fundi mwenye kibali cha mamlaka ya udhibiti wa umeme. Mwombeni kibali chake mkione kabla ya kumlipa.

Tunaonya pia wanaounganisha umeme wa nyumba na uzio au nondo za dirisha ili kumkomesha mwizi. Tunaelewa uchungu wa kuibiwa. Lakini atakayeugusa kwanza huenda akawa mwanao, na mwenye mtego akisababisha kifo atashtakiwa.

Mtu akinaswa, msimguse. Zimeni swichi kuu kwanza. Ikishindikana, na ikiwa ni waya wa nyumbani, simameni pakavu mkausukume waya kwa ufito mkavu wa mti, kisha mkaguzeni kama anapumua na mumpeleke hospitali hata akisema amepona. Waya ulioanguka kutoka kwenye nguzo msiukaribie kabisa, wala msiusukume kwa kitu chochote: wazuieni watu na mifugo, mwarifuni mwenyekiti wa LC1, na pigeni 999 au 112.